Mdudu wa kipindupindu ana kromosomu mbili!

Wadau, nawaandikia kutoka Ivuna, huku Momba jirani na Ziwa Rukwa. Kipindupindu kilipolipuka Dar Agosti 2015 kikasambaa mikoani, nilijiuliza, mdudu gani huyu?

Bakteria wengi wana kromosomu moja. Huyu anazo mbili, kubwa na ndogo, na wanasayansi walizisoma zote mwaka 2000. Kila moja ina sehemu yake ya kuanzia kujinakili. Kubwa inaanza, ikifika mahali fulani inaiamsha ndogo, zinamaliza karibu pamoja. Akishiba, anajigawa kila baada ya dakika kama 20! Jeni za sumu inayoharisha ziko kwenye kubwa, zililetwa na kirusi.

Maji yakichemka anakufa na kromosomu zake zote. Jamani tuchemshe maji. Nyie mwasemaje?