Je, Wajua? Waya wa Njano na Picha Uliyoilipia

TV ya chogo imeshauzwa, na ukutani sasa kuna televisheni bapa ya inchi 43. King'amuzi kimelipiwa kifurushi chenye chaneli za HD. Mechi inaanza, lakini namba za mgongoni mwa wachezaji hazisomeki na nyasi zimekuwa kama uji wa kijani. Lawama humwangukia muuza duka, au dishi. Mara nyingi mkosaji amejificha nyuma ya televisheni: ule waya wa njano uliobaki tangu enzi za deki.

Waya huo ni mmoja wa ndugu watatu. Mweupe hubeba sauti ya kushoto, mwekundu sauti ya kulia, na wa njano hubeba picha. Plagi zao huitwa RCA, kwa jina la Radio Corporation of America, kampuni iliyozitoa miaka ya 1930 ili kuunganisha santuri na redio. Plagi unayochomeka leo kwenye sabufa imeitangulia televisheni kuingia majumbani! Rangi zake ni alama ya kumwongoza mchomekaji tu. Wa njano ukikatika, mweupe unaweza kupeleka picha, mradi ncha zake zote mbili ziingie kwenye matundu ya njano. Ukiiingiza picha kwenye tundu la sauti, spika zitakoroma.

Shida ya waya wa njano ni wingi wa mzigo. Picha ya rangi ina sehemu mbili: mwanga, unaoonyesha wapi peupe na wapi peusi, na rangi yenyewe. Marekani ilipoidhinisha mfumo wake wa televisheni ya rangi mwaka 1953, mamilioni ya watu walikuwa na televisheni zisizo na rangi, na hakuna aliyetaka kuwalazimisha wazitupe. Wahandisi wakaipenyeza rangi ndani ya mawimbi yaleyale yaliyobeba sehemu ya mwanga, televisheni za zamani zikaendelea kuonyesha kama kawaida. Mfumo wa PAL, uliobuniwa Ujerumani na Walter Bruch wa Telefunken na kutumika Afrika Mashariki, uliirithi mbinu hiyo. Waya wa njano hubeba mchanganyiko huohuo, na televisheni haiwezi kuutenganisha wote. Ndiyo maana kingo za maandishi huwa na vitone vinavyotambaa, na shati la mistari myembamba humetameta rangi lisizokuwa nazo.

Isitoshe, picha ya PAL ina mistari 576 tu inayoonekana. HD kamili ina mistari 1080 yenye vitone 1920 kila mmoja, yaani zaidi ya vitone milioni mbili; PAL ikihesabiwa kidijitali ina laki nne na ushei. Basi king'amuzi cha HD kikifungwa waya wa njano, hulazimika kuipunguza picha kabla ya kuitoa. Kilichoachwa njiani hakirudi. Televisheni hukivuta kilichobaki mpaka kijaze kioo, kama donge moja la chapati lililosukumwa litoshe sinia zima.

Waya wa HDMI ulikuja kuliondoa tatizo hilo. Toleo la kwanza lilitoka Desemba 2002, kazi ya kampuni saba zikiwemo Sony, Philips na Toshiba. Plagi yake ina pini 19, na picha na sauti hupita pamoja kama namba, sifuri na moja. Ndani ya waya huo, nyaya nyembamba zimesokotwa mbilimbili: mmoja hubeba ishara, mwenzake ishara hiyohiyo iliyogeuzwa. Kelele za umeme zikiingia huzipiga zote mbili sawasawa. Televisheni ikitoa moja katika nyingine, kelele hufutika na ishara hubaki.

Kwa kuwa kinachosafiri ni namba, waya ghali hauongezi uzuri wa picha. Namba zikifika salama, waya wa mita moja na nusu wa bei nafuu na ule wenye maelezo mengi kwenye boksi huonyesha kitu kilekile. Waya mbovu hujitangaza wenyewe: picha hukatika, hutoa vimulimuli au hupotea kabisa. Dhahabu kwenye plagi ina faida moja, kwamba haishiki kutu. Ubora wa waya huanza kuwa na maana pale unapovuta mita kumi na zaidi, au picha za 4K.

Sauti nayo ina njia yake ya kurudi. Tangu mwaka 2009, tundu la HDMI lenye maandishi ARC huweza kuipeleka sauti ya televisheni kwenye spika za nje zenye tundu kama hilo. Sabufa yako ikiwa na matundu mekundu na meupe tu, tumia tundu la hedifoni la televisheni na waya wa kugawa njia mbili. Kwa sauti, waya wa RCA bado unatosha.

Leo zima umeme, geuza televisheni utazame nyuma. King'amuzi kikiwa na tundu la HDMI, ng'oa waya wa njano uchomeke HDMI, washa tena, chagua tundu hilo kwa rimoti, kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uhakikishe kimewekwa 1080. Ndipo uamue kama televisheni ni mbovu.