Mbacha wa Kale na Msala Mpya: Adabu ya Kutafuta Kazi Ukiwa Kazini

Wahenga wa Pwani walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliokwisha kuchakaa, ukili umefumuka pembeni na rangi imekwenda na maji. Msala ni mkeka wa kuswalia, nao huu wa methali wapita tu, u mkononi mwa mwenyewe. Aghalabu twaitumia methali hii kumtisha mtu asiondoke alipo. Lakini ukiisikiliza vyema, haikukataza mtu kuutazama msala wala kuuliza bei yake. Ilichokataza ni kuutupa mbacha kabla ya msala kutandikwa.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya kijana mmoja aliyenifuata juzi baada ya swala ya Isha, akanivuta kando na kuninong'oneza: "Ami, natafuta kazi kwengine, na huku bado nala mshahara wa tajiri wangu. Je, hii si khiyana?" Nilimwambia jawabu yangu ni ndefu, tena yanihusu mwenyewe, na kwamba nitaiandika.

Mwaka 1996 nalikuwa karani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu za forodha kwa taipureta, kisha kupanda na kushuka ngazi za maofisi nikitafuta mihuri. Tajiri wetu alikuwa mzee wa Mji wa Kale, mtu wa msikitini na mchache wa maneno. Sote tukimwita Ami. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini kila mwisho wa mwezi ulifika bila ya kuudai.

Moyo wangu lakini haukuwa kwenye mihuri. Nalikuwa nimeanza kutunga mashairi na kuyapeleka magazetini, nikasikia kwamba mahali fulani watafutwa waandishi. Nikaandika barua ya kuomba kazi. Niliiandika kwa taipureta ya Ami, juu ya karatasi ya Ami, saa nne ya asubuhi ambayo Ami alikuwa ameilipia. Wala hilo halikunishughulisha hata kidogo.

Nikaitwa kuhojiwa siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi. Hapo ndipo nilipoingia tope la magoti. Nilimwendea Ami nikamwambia mama ni mgonjwa, naomba ruhusa nimpeleke hospitali. Ami alinitazama kwa huruma. "Nenda, mwanangu. Mama hana wa pili." Akatia mkono mfukoni akanipa nauli ya teksi. Nauli ile niliipanda kwenda kuhojiwa.

Machungwa ya mgonjwa

Niliporudi nyumbani saa kumi na nusu, niliona mlangoni makubadhi ninayoyajua. Kumzuru mgonjwa ni sunna, na Ami hakuwa mtu wa kuiacha sunna impite. Alikuwa ameswali Alasiri, akanunua machungwa, akaja.

Baadaye mama alinieleza kwamba alikuwa uani akikuna nazi aliposikia hodi. Ami aliposema, "Ugua pole, mama," yeye alifahamu yote papo hapo. Aliiacha mbuzi na kifuu chake, akajitanda leso, akaketi kitandani. Niliingia nikamkuta akisema, "Nishapoa, baba, alhamdulillahi. Sindano ya leo imenifaa." Mama yangu, ambaye siku ile hakuona sindano wala daktari.

Ami alikunywa kahawa, kisha akainua mikono kumwombea mgonjwa shifaa. Sote tuliitikia amin. Mimi niliitikia amin kwa ugonjwa nilioutunga mwenyewe, na nimetunga mengi maishani mwangu, lakini utungo ule ndio ninaouonea haya mpaka leo.

Alipoondoka, mama hakupiga kelele. Alisema tu: "Umenichuria, mwanangu. Na uongo wako umenilisha mimi." Machungwa yale hakuyaonja. Aliwagawia watoto wa jirani, moja moja, mpaka kikapu kikawa kitupu.

Mwezi haukwisha, mama akashikwa na malaria kweli. Sikuthubutu kuomba ruhusa. Nilimwacha na jirani, nikenda kazini kujaza fomu, na kila saa ilikuwa kama siku. Si kwamba Ami asingeniamini. Angeniamini, na hilo ndilo lililonifunga mdomo. Alhamdulillahi, mama alipona.

Kazi ile ya uandishi niliipata. Siku niliyompelekea Ami barua ya kuacha kazi, aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Siku ile ya hospitali ndipo ulipokwenda?" Nikasema ndiyo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Ungeniambia una haja yako, ningekupa siku. Nisingekuuliza haja gani."

Neno hilo ndilo jawabu ya yule kijana. Siri na uongo vyatembea njia moja, lakini havikuzaliwa tumbo moja. Siri ni mali yako. Una haki ya kuifungia sandukuni. Uongo ni deni, na aghalabu hulipwa na mtu mwengine.

Mitume nao waliajiriwa

Tuliokaa chuoni mbele ya maalim na ubao twakumbuka kwamba Qurani haikuiacha kando habari ya ajira. Katika Suratu Yusuf, Nabii Yusuf, aliyetoka gerezani, alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, na akazitaja sifa zake mbili: ni mwenye kuhifadhi na mwenye ujuzi. Kwa hivyo kuomba kazi na kujieleza si kiburi wala si aibu.

Katika Suratul Qasas, Nabii Musa alipofika Madyan alifanya mapatano na mzee wa pale: atumike miaka minane, na kama atatimiza kumi, hiyo ni hisani yake. Wafasiri wengi wasema alitimiza kumi. Muda ulipokwisha ndipo alipoondoka na ahali yake. Kuondoka hakukuwa khiyana. Khiyana ingekuwa kuondoka usiku, kondoo wangali malishoni.

Nayo Suratul Maida yafungua kwa kuwaamrisha walioamini watimize mapatano yao. Mapatano ya mtumishi na tajiri ni kazi kwa ujira. Hayasemi kwamba mtumishi ameuza umri wake wote. Tajiri amenunua saa fulani za siku. Zilizobaki ni zako: ukizitumia kuandika barua za kuomba kazi hujamwibia, na ukizitumia zile zake umemwibia, hata kama hakuna aliyekuona.

Sheria ilivyo

Baadhi ya vijana wetu hudhani ni lazima waseme uongo ili wapate siku moja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi wa Kenya likizo isiyopungua siku 21 za kazi, yenye mshahara, kwa kila miezi 12 aliyotumika. Siku hizo ni haki yako. Waweza kuomba mbili kati yake ukaandika "shughuli zangu", na neno hilo ni la kweli.

Sheria hiyo hiyo yasema kwamba anayelipwa kwa mwezi hutoa ilani ya siku 28 kwa maandishi kabla ya kuacha kazi, isipokuwa mkataba wake wataja muda mrefu zaidi. Na asiyetaka kungoja hulipa ujira wa siku hizo. Aliyetumika kwa wiki nne au zaidi ana haki ya kupewa cheti cha utumishi kinachotaja alianza lini, alimaliza lini na alifanya kazi gani. Lakini tajiri halazimiki kuandika lolote juu ya tabia yako. Neno jema ni hisani yake, na hisani haidaiwi mahakamani. Ndiyo maana namna ya kuondoka ina uzito sawa na namna ya kuingia.

Mji una masikio

Sasa adabu zenyewe. Mombasa ni mji mkubwa wenye tabia za kijiji. Lisemwalo barazani baada ya Alasiri hufika ofisini kabla ya chai ya asubuhi. Basi siri yako usimpe mwenzako wa meza ya pili, hata kama mwala sahani moja. Mpe mtu mmoja au wawili wa nyumbani, watakaokuombea dua na kunyamaza.

Tumia simu yako mwenyewe na anwani yako mwenyewe. Mimi niliponea chupuchupu kwa kuwa nakala ya barua yangu niliiondoa mezani kwa Ami dakika chache kabla hajaketi. Siku hizi mashine za ofisini hazisahau. Barua uliyoifuta yaweza kumngojea tajiri ndani ya mashine yake. Usijitangaze katika makundi ya Wasapu, maana humjui shemeji ya nani yumo humo.

Unapohojiwa, sema wazi: "Tafadhali msimpigie tajiri wangu mpaka tutakapopatana." Ombi hili ni la kawaida na mwajiri mwenye adabu hulikubali. Wadhamini wako wawe mwalimu wako wa zamani au tajiri uliyeachana naye kwa wema. Na ukiulizwa kwa nini wataka kuondoka, usimtukane unayemla chumvi yake. Anayekusikiliza atajiuliza utamsema vipi yeye.

Mavazi nayo hutoa siri. Mtu aliyezoea shati la mikono mifupi akija siku moja na tai, ofisi nzima hujua kabla hajaketi.

Kisha usiandike barua ya kuacha kazi kwa ahadi ya mdomo. Ngoja mkataba, uusome, uone mshahara, muda wa majaribio na tarehe ya kuanza. Hili nawaambia hasa wale wanaoitwa na maajenti wa kazi za Ghuba. Wapo walioacha kazi zao, wakauza na vyombo vya ndani, kisha wakangojea viza isiyokuja. Ajenti wa kweli husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Uliza usajili wake kwanza.

Msiwalaumu vijana kwa kutafuta. Reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017 na mizigo ikaanza kuelekezwa bara, makarani wengi wa kazi niliyoifanya mimi waliona meza zao zikipungua moja moja, miaka kabla ya amri ya Septemba 2022 ya kurudisha utoaji wa mizigo Mombasa. Aliyetafuta mapema akiwa bado na mshahara alitafuta kwa utulivu. Aliyengoja mpaka mlango ufungwe alitafuta kwa njaa, na mwenye njaa hapatani bei.

Wengi wetu huswali istikhara baada ya kutia sahihi, kama anayeuliza njia akiwa amekwisha fika. Rakaa zile mbili mahali pake ni kabla. Baada yake fanya kazi ya tajiri wako mpaka siku ya mwisho kama siku ya kwanza, uzirudishe funguo, umwoneshe ajaye faili zilipo, na uombe radhi.

Mimi niliomba radhi kwa Ami siku ile, akanisamehe. Mama alichukua muda mrefu zaidi. Nami namwachia yule kijana beti hii moja:

Siri si uongo ndugu, mwenye siri hana deni,
Uongo ni kama gugu, lamea hata mwambani,
Toka pasi na vurugu, kwa salamu na amani,
Usitupe mbachao, msala u safarini.