Antena Sita na Bado Unalagi

Shuka Luthuli uulizie ruta ya gemu, uone. Msee wa duka atakutolea ile nyeusi ya antena sita, mataa red kila mahali ka nganya ya Rongai, na bei ya kukutoa jasho. Kabla utoe ganji, jua kitu moja: waifai inakuanga ya watu wawili, ruta na konsoli. Mwenye ni slow ndio anaamua speed. Antena hazina say hapo.

Cheki PS4. Zile ex-UK zimejaa mtaani, mob ni za kwanza kabisa, design ya 2013, na ndani ziko na waifai ya 2.4 GHz peke yake. Unabuy ruta ya Wi-Fi 6, unafika keja, unaingia kwa setingi za neti, na jina ya 5 GHz haitokei. Unaona tu ile ya 2.4 imebanwa katikati ya waifai za ploti mzima, kuanzia kwa caretaker hadi kwa mama wa kinyozi. Wasee hurudisha ruta dukani wakidai ni mbovu. Si mbovu. Pindua hiyo PS4 usome stika. Model ikianza na CUH-1, hiyo ni 2.4 hadi kifo. CUH-2 ni Slim, CUH-7 ni Pro, na hizo mbili zinashika 5 GHz bila noma. Xbox Series X na S zinagotea Wi-Fi 5, so ruta ya Wi-Fi 6 haiziongezei kitu ya maana. PS5 ndio inaitumia vizuri.

Shida ya 2.4 kwa ploti ni msongamano. Chaneli zenye haziingiliani ni tatu tu: 1, 6 na 11. Majirani kumi wakigawana hizo tatu, pingi yako inaruka ka imeona polisi. Ongeza microwave ya next door, nayo inapiga kelele huko huko 2.4. 5 GHz iko na nafasi poa, lakini haipendi ukuta. Kwa bedsitter utaenjoy. Kwa keja ya mawe, ruta ikiwa sitting room na wewe bedroom ya mwisho, signo inafika imechoka. Na hizo ekstenda za kuchomeka kwa soketi mimi sipendi. Nyingi zinapokea na kurusha kwa hewa hiyo hiyo moja, so speed inakatwa karibu nusu na pingi inapanda.

Ukiniuliza, ganji ya kwanza iende kwa kebo. Cat5e ya kawaida inabeba gigabiti moja hadi mita 100, na hata ile PS4 mzee iko na poti ya gigabiti. Msee wa duka anakukatia mita zenye unataka, anafunga vichwa mbili na crimper, unapitisha juu ya mlango na umemaliza. Mathe ataongea kuhusu waya kwa ukuta wake. Mwache aongee, nunua zile klipu za kupigilia.

Kabla ulaumu kampuni ya neti, fanya hivi. Chukua laptop, kaa pale konsoli iko, ushike waifai ile ile, upigie ruta yako pingi. Anwani yake mara mob ni 192.168.0.1 ama 192.168.1.1. Ikirudi na ms 2, 3, 2, uko fiti, ngori iko nje. Ikirudi na 3, 180, 9, 240, hiyo lag umeizaa mwenyewe ndani ya keja. Na usidanganywe na Mbps. Mechi online mob hazimalizi hata 1 Mbps. Yenye inakuua ni siz akipandisha picha za harusi juu huko kwa cloud saa ile uko dakika ya 88. So tafuta ruta yenye iko na QoS ya ukweli, uipee konsoli njia kwanza.

Kuna ingine. Kampuni ikishakuletea kaboksi kao, na wewe unaongeza ruta yako nyuma, sasa ziko mbili zinagawa anwani. PS4 inakuandikia NAT Type 3, Xbox inasema Strict, na mbogi haikuskii kwa party. Weka yako kwa modi ya access point, ile ya kampuni ifanye kazi ya kugawa. Bado inadinda? Washa UPnP kwa ile ya kampuni. Ikikataa tena, pengine kampuni imewapanga wateja mob nyuma ya IP moja, na hapo ruta haiwezi kukusaidia. Wapigie uombe public IP. Wakidai doo ya kila mwezi, jiulize kama unahosti lobi kweli, ama ni FC mbili tu za jioni na kulala.