Kereng'ende Mwembamba na Maji Yetu



Tulipotembelea kikundi kimoja kule Makueni kinachotunza bwawa la mchanga, tulikuta ubishi. Shimo la kuchotea maji lilikuwa na vidudu vingi, na wengine walitaka litiwe dawa ya kunyunyizia ndengu. Tuliwaomba wangoje kwanza. Dawa hiyo ingedhuru watu na mifugo, na wale wadudu wenyewe walikuwa watoto wa kereng'ende.

Kereng'ende ni ukoo wa zamani sana. Mababu zao waliruka angani zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Siku hizi tunaona hasa matawi mawili. Wanene hutandaza mabawa wakitua. Wembamba, walio kama sindano, wengi wao huyakunja mabawa juu ya mgongo. Wote hukulia majini. Mtoto wa mwembamba utamjua kwa vijani vitatu mkiani, ambavyo humsaidia kupumua. Chakula chake ni wadudu wadogo wa majini, pamoja na viluwiluwi vya mbu.

Basi, mbona aina nyingine ziko kila mahali, na nyingine ziko mahali pamoja tu? Jibu kubwa liko katika maji.

Kuna mwembamba mmoja mdogo, dume lake lina alama ya buluu karibu na ncha ya mkia. Huyu hachagui sana. Hata maji ya silanga yaliyotuama juani yanamtosha. Ndiyo sababu ameenea sehemu kubwa ya Afrika, akavuka Asia mpaka Japani.

Mwingine, mrefu sana, anaishi katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, kama ule wa Shimba Hills. Yeye hutaga katika maji ya mvua yaliyobaki ndani ya mashimo ya miti. Watu walishangaa: jamaa zake wa karibu hawako Afrika, wako misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, na wao pia hulelewa katika maji ya mitini. Uchunguzi wa chembe za urithi ulithibitisha undugu huo. Wataalamu wanaeleza kwamba zamani Afrika na Amerika Kusini zilikuwa nchi moja. Zilipoachana, yapata miaka milioni 100 iliyopita, ukoo ukagawanyika, kila upande ukabaki na watu wake.

Mwingine tena anajulikana katika milima ya Usambara Mashariki tu, huko Tanzania, kwenye vijito vya msituni. Yuko katika hatari kubwa ya kutoweka. Msitu ule ukikatwa, hana kwingine kwa kwenda.

Hapo ndipo tunapojifunza. Asiyechagua maji huenea. Anayetaka kivuli na maji safi hubaki mahali pamoja, na pakiharibika anakwisha. Kwa hiyo mtoni kwetu, mkiona aina nyingi za kereng'ende, kingo bado zina uhai. Mkiona aina moja tu, jiulizeni kulitokea nini. Lakini angalieni: kuwapo kwao hakuonyeshi kwamba maji yanafaa kunywa. Chemsheni.

Tunawashauri hivi:

1. Msioshe pampu ya dawa mtoni wala karibu na shimo la maji.
2. Acheni nyasi na miti ukingoni. Mifugo inyweshwe kando, kwenye hori.
3. Shimo la kunywa lizungushiwe miiba na lifunikwe. Kereng'ende wataendelea kukaa katika madimbwi mengine ya mto.

Kile kikundi cha Makueni kiliiacha dawa, kikafunika shimo.

Maswali ya kujadili kikundini:

– Wazee wanakumbuka wadudu gani mtoni ambao hatuwaoni tena?
– Ni nani kati yetu anaosha pampu mtoni, na tutamsaidiaje aache?
– Msimu huu tutapanda nini ukingoni?