Picha Pana ya Mwakirunge: Pesa Ziende Wapi?

Mwakirunge ni kata ya Kisauni, Mombasa, lakini imeipa bahari mgongo. Ukitazama magharibi kuna vilima vya Rabai. Katikati minazi, miembe na mabati ya nyumba mpya. Na kuna lile jaa la taka, ambalo mzigo wake ulizidi jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka 2018. Kwa mpiga picha wa mandhari haya ni mengi kuingia kwenye fremu moja, na mengi yake ni madogo: paa, mti, lori, ng'ombe, uzi wa moshi. Kazi ya namna hii ndiyo ambayo kamera za fomati ya kati zilitengenezewa. Swali ni gharama, na maoni yangu nayasema mapema: wengi wanaozitamani hutumia pesa kwenye kamera na kubakisha vumbi kwa kazi ya kuionyesha picha yenyewe.

Tuelewane kwanza. Fomati ya kati ni kamera ambayo filamu au sensa yake ni pana kuliko ile ya kamera za kawaida za harusi na mikutano. Kwa filamu ni roli ya 120, ambayo Kodak waliitoa mwaka 1901 na bado inauzwa leo. Roli hiyo hukupa picha 12 za mraba, au 10 za sentimita 6 kwa 7. Kwa dijitali, sensa za Fujifilm GFX na Hasselblad X zina upana wa takriban milimita 44 kwa 33, yaani eneo mara 1.7 ya sensa ya kamera kubwa za kawaida. Upana huo ndio unaobeba maelezo madogo, na ndio unaostahimili jua la saa sita likiwaka kwenye mabati huku kivuli cha mwembe kikibaki na majani yake.

Sasa tuanze na mwisho wa safari, kwenye simu ya mtazamaji.

Picha ya kamera yenye megapikseli 102 ina pikseli 11,648 kwa upana. Ukiitupa kwenye Facebook, inapunguzwa hadi pikseli 2,048 upande mrefu, kwa hiyo kinachobaki ni kama asilimia 3 ya ulichopiga. Ukiituma kama picha ya kawaida kwenye WhatsApp, inabaki karibu asilimia 2. Hata ingefika nzima, simu nyingi zina pikseli 1,080 kwa upana wa kioo, na mtu akiishika wima, picha ya ulalo inaonekana kama ukanda mwembamba wa chini ya megapikseli moja. Isitoshe, kitu cha kwanza kuharibika picha inapobanwa ni rangi zinazobadilika polepole, yaani mawingu na moshi. Moshi wa jaani, uliokuwa mwororo kama kitambaa, unageuka mabaka ya mraba. Kwa matumizi haya, simu yako uliyo nayo mfukoni inatosha kabisa, na yeyote atakayekuuzia kamera ya laki kadhaa kwa ajili ya kuposti, mwombe kwanza akuonyeshe tofauti kwenye kioo cha simu yako.

Njia ya kukwepa kubanwa ipo. WhatsApp inakubali faili kama hati, hadi gigabaiti 2, bila kuigusa. Flickr inapokea picha ya hadi megabaiti 200, na akaunti ya bure inaishia picha 1,000. Google Drive inakupa gigabaiti 15 za bure, lakini kwenye Google Photos angalia mpangilio: ukichagua kuokoa nafasi, chochote kinachozidi megapikseli 16 kinapunguzwa. Gharama ya kutuma si kubwa. Picha ya JPEG ya megapikseli 102 ni kama megabaiti 50, kwa hiyo gigabaiti moja inabeba picha 20, na bando la siku la gigabaiti moja limekuwa likiuzwa karibu shilingi 99. Ni kama shilingi 5 kwa picha.

Lakini hesabu hiyo inamsahau mpokeaji. Tuma picha moja nzima kwenye kundi la mtaa lenye watu 100, na wote waifungue: wamekula gigabaiti 5, karibu shilingi 500 za bando, zilizotoka kwenye mifuko 100 tofauti bila wewe kuona. Kwa hiyo hawafungui. Na hapo kuna jambo la kuchekesha kidogo: nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM tangu mwaka 2009 na nyingine baada yake, zinatua Mombasa hii hii, na bado mtu wa Mwakirunge anahesabu megabaiti. Faiba ya nyumbani ya Safaricom, pale ilipofika, imekuwa ikianza shilingi 2,999 kwa mwezi kwa Mbps 15. Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, imekuwa na kifurushi cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300, mbali na bei ya vifaa. Vyote hivyo vinamsaidia anayetuma. Anayetazama amekaa kwenye boda na bando la saa moja.

Ndiyo maana nasema karatasi, au turubai, bado haijashindwa. Picha iliyochapishwa unalipia mara moja, kisha anaiona kila apitaye.

Je, uchapaji mkubwa unahitaji fomati ya kati? Hapa wauzaji wengi hawatakwambia ukweli. Jicho zima, kwa umbali wa mita 5, haliwezi kutenganisha nukta mbili zilizo karibu kuliko milimita moja na nusu hivi. Chukua bango la flexi lenye upana wa mita 3. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli 4,000 kwa upana, na kila pikseli itakuwa na robo tatu ya milimita. Kutoka ng'ambo ya barabara hakuna atakayejua ni simu. Kwa mtazamaji wa mbali, pesa za fomati ya kati zimepotea tena.

Ila mandhari ya nyumbani hayatazamwi kwa mbali. Mtalii akiona picha ya mji hurudi nyuma hatua mbili aione yote. Mwenyeji huisogelea mpaka pua inakaribia kugusa, ananyoosha kidole, anatafuta paa la kwao, kisima, ule mwembe uliokatwa, njia ya kwenda shuleni. "Si hapa kwa kina mama Fulani?" Kwa nusu mita jicho linatenganisha sehemu ya saba ya milimita, na hapo bango la simu linakuwa uji. Picha ya megapikseli 51 kwenye karatasi ya A1, yenye upande mrefu wa sentimita 84, inampa pikseli za sehemu ya kumi ya milimita. Inatosha na kubaki. Megapikseli 102 kwa A1 ni anasa. Faida yake inaanza kuonekana ukipita mita moja.

Kwa hiyo ulinganisho wa kamera unakuwa mfupi. Hesabu zangu ni za dola moja kwa shilingi 130. GFX 100S II, ya megapikseli 102, ilitoka mwaka 2024 kwa dola 4,999, karibu shilingi 650,000 bila lenzi. GFX 50S II, ya megapikseli 51, ilitoka 2021 kwa dola 3,999, na lenzi yake ndogo ya 35 hadi 70 ilikuwa dola 999. GFX 50R ya mwaka 2018 sasa hupatikana mkononi ng'ambo kwa dola 2,000 na kitu, yaani shilingi 260,000 hadi 320,000. Ukiagiza mwenyewe, usisahau bandarini na uwanja wa ndege: VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji, ushuru wa reli, na ushuru wa forodha kwa kadiri bidhaa itakavyowekwa kwenye jedwali. Mnunuzi anayelinganisha bei ya mtandaoni na ya duka la Nairobi bila kuongeza hayo analinganisha mbuzi na ngozi yake.

Kwa mtu wa Mwakirunge anayetaka picha tano nzuri kwa mwaka, singenunua yoyote kati ya hizo. Ningekodi kwa wikiendi moja ya anga safi baada ya mvua, pale vumbi limelala na vilima vya Rabai vinaonekana karibu, kisha pesa iliyobaki ningeipeleka kwa mchapaji. Ukikodi, soma masharti ya dhamana. Mara nyingi dhamana ndiyo inayouma, si kodi.

Filamu ina wapenzi wake, nami ni mmoja wao, lakini mapenzi yasizibe hesabu. Mamiya RB67, iliyotoka mwaka 1970, hupatikana pamoja na lenzi kwa kama dola 500, yaani shilingi 65,000. Bei hiyo inavutia. Kisha roli ya Kodak Portra 400 ni dola kama 15, hivyo kila unapobonyeza umetumia shilingi 195 kabla ya kuosha filamu. Kuosha filamu ya rangi ni kazi ya maabara. Nyeusi na nyeupe unaweza kuosha mwenyewe jikoni. Dawa ya Rodinal, iliyoko sokoni tangu 1891, kwa kipimo cha moja kwa hamsini hutumia mililita 10 tu kwa roli, kwa hiyo chupa ya nusu lita ni roli 50. Tatizo ni joto. Maelekezo hudai maji ya nyuzi 20, na maji ya bombani Mombasa yanakaribia 28. Utanunua barafu za mifuko kwa jirani mwenye friji, au utapunguza muda na kubahatisha.

Halafu kuna mtego wa skana, na huu unawanasa hata wazoefu. Skana ya meza ya Epson V600 imeandikwa nukta 6,400 kwa inchi. Uwezo wake halisi kwa filamu ni karibu 1,600. Negativu ya 6 kwa 7 ikipita hapo inatoka na kama pikseli 4,400 kwa upana, karibu sawa na simu. Umebeba kamera ya kilo mbili na zaidi kupanda mlima, umelipia filamu na barafu, ukaishia pale alipo jirani yako na simu. Filamu inalipa tu ukiipiga negativu picha kwa vipande, kwa kamera nzuri juu ya taa ya meza, kisha ukaviunga. Kama huna kamera hiyo, rudi kwenye dijitali ya kukodi.

Uamuzi wowote wa kununua hapa pwani unabeba gharama moja ambayo wa Nairobi haijui: ukungu ndani ya lenzi. Unyevu wetu na begi la kamera lililofungwa miezi mitatu ni mwaliko kwake, na kusafisha lenzi ya fomati ya kati ni kazi ya fundi aliye mbali. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana na vifuko vya silika ni mamia ya shilingi. Kama unanunua lenzi ya mkononi, imulike na tochi kutoka nyuma kabla ya kutoa pesa.

Kwenye uchapaji, mbele yako kuna njia mbili. Flexi ya nje, kwa mita ya mraba, huwa mamia ya shilingi, lakini wino na turubai huchujuka kwa jua letu, na picha inaonekana mbichi kwa karibu. Karatasi nzuri yenye wino wa pigmenti ni ghali mara nyingi zaidi, haipendi mvua, na ndiyo inayokubali kidole cha mwenyeji. Ningetengeneza flexi moja ya kuita watu, hata kwa picha ya simu, na A1 mbili za ndani, kwenye ukumbi wa shule au kanisa au kwenye baraza ya msikiti, palipo na kivuli. Nick Brandt, aliyepiga wanyama wa Afrika Mashariki kwa Pentax 67, alifanya jambo la jirani na hili kwenye mradi wa *Inherit the Dust*, uliotoka kama kitabu mwaka 2016: alichapisha wanyama kwa ukubwa wao halisi na kuyasimamisha mabango hayo nchini Kenya, mahali ambapo wanyama hao walikuwa wakiishi zamani, majaa ya taka yakiwemo. Alitumia fedha ambazo wewe huna, lakini wazo la kuirudisha picha mahali ilipotoka halina bei.

Mwisho kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Megapikseli 51 zinaona sura ya mtu anayeokota chupa mita nyingi kutoka ulipo, naye hakuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 si karatasi tupu: Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja Nairobi shilingi milioni 1.85, na shule moja milioni 4.55, kwa kusambaza picha za watu bila idhini. Ongea na wanaofanya kazi jaani kabla ya kuweka tripodi, waonyeshe fremu kwenye kioo cha kamera, na anayekataa, subiri apite ndipo ubonyeze. Na kwa bango la barabarani, pitia kwanza ofisi ya kata na ya kaunti uulize ada ya matangazo, kwa sababu askari wa kaunti hatatofautisha mandhari yako na tangazo la sabuni.