Ubia wa watatu: bei ya mahindi ikianguka, nani anabeba hasara?

Katika vikao vya wadau hapa Sumbawanga, neno ubia hutamkwa kabla hata ya chai. Serikali italeta afisa ugani na kiwanja cha ghala, mfanyabiashara atanunua mahindi, na shirika la dini litahamasisha wakulima waunde vikundi. Wote hupiga makofi. Suala la hasara huwa halimo katika ajenda.

Kwa makanisa ubia si jambo geni. Mwaka 1992 tulitiliana saini na Serikali hati ya makubaliano kuhusu huduma za elimu na afya. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi. Lakini ghala la kijiji linategemea zaidi karatasi ambayo wahusika wanaandikiana wenyewe.

Tukumbuke mwaka 2017. Mwezi Juni Serikali ilizuia kusafirisha mahindi nje ya nchi ili kulinda akiba ya chakula. Huku Ufipa, ambako mahindi mengi huelekea Tunduma, bei ilishuka wakati watu wanavuna. Waliokopa mbolea walikuwa bado wanadaiwa. Afisa aliendelea kupata mshahara, mfanyabiashara aliweza kusubiri, nasi wa mashirika tuliandika ripoti. (Ilikuwa ripoti nzuri sana.) Deni lilibaki kwa mkulima, mbia pekee ambaye hakuwa na akiba.

Hatusemi Serikali isilinde chakula. Tunasema uwezekano huo uandikwe mapema: mpaka ukifungwa, bei ya chini kabisa ni ipi, riba ya mkopo italipwa na nani, na mnunuzi akichelewesha malipo atatozwa nini. Pia ipimwe kwa mizani, gunia kilo 100, wala si lumbesa. Na halmashauri itie saini kama mbia mwenye wajibu, badala ya kualikwa kama mgeni rasmi siku ya uzinduzi.

Jambo jingine tulijifunza kwa kuchelewa. Mikataba mingi huletwa kwa Kiingereza, nasi tulikuwa tukiwaeleza wakulima kwa muhtasari tu. Sasa tunautafsiri mkataba na kuusoma wote mbele ya mkutano wa kijiji kabla ya yeyote kusaini. Mnunuzi mmoja alikataa mkataba wake usisomwe hadharani. Tuliachana naye.