Juu ya Namba Kubwa Iliyodhaniwa Kuwa Tasa

Mwalimu wa hesabu huulizwa na wanafunzi: Twajuaje ya kuwa jibu hili ni kweli? Kusema, "Limeandikwa kitabuni," si kujibu. Twapenda kueleza habari za namba moja iliyohesabiwa kuwa tasa kwa miaka 232, kwa kuwa iliandikwa hivyo kitabuni.

Namba isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe huitwa tasa, kwa mfano wa kiumbe asiyezaa. Namba 7 ni tasa, na 31 ni tasa. Zote mbili hupatikana kwa njia moja. Mbili tatu zikizidishwa pamoja ni 8. Toa 1, yabaki 7. Mbili tano zikizidishwa ni 32. Toa 1, yabaki 31. Kwa mbili saba twapata 127, nayo ni tasa. Lakini kwa mbili kumi na moja twapata 2,047, nayo ni 23 mara 89. Basi njia hii haiaminiki siku zote.

Mwaka 1644 Padre Marin Mersenne, mtawa Mfaransa, alichapisha orodha ya namba za namna hii alizozisema kuwa tasa. Mojawapo ni ile ya mbili 67, yaani 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa pia, alithibitisha kwamba si tasa, asiweze kuonyesha yagawanyika kwa namba zipi. Alikuwa kama mtu atikisaye sanduku akajua mna zaidi ya kitu kimoja, wala hana ufunguo.

Ufunguo aliupata Frank Nelson Cole, Mmarekani, akautoa mbele ya wanahesabu wenzake mwaka 1903: namba zenyewe ni 193,707,721 na 761,838,257,287. Kila moja ikigawanywa kwa 134, yaani 67 mara mbili, hubakiza 1. Wala hapana kigawanyo cha namba ile kisichotii sheria hiyo. Vivyo hivyo 23 na 89 zikigawanywa kwa 22 hubakiza 1.

Mwalimu aweza kujaribu kwa kutoa tisa. Tarakimu za namba ya kwanza zikijumlishwa ni 37, za pili ni 64, za ile kubwa ni 109. Kila jumla ikigawanywa kwa 9 hubakiza 1, na 1 mara 1 ni 1. Lakini kipimo hiki hufichua kosa tu, hakithibitishi ukweli. Uthibitisho ni kuzidisha kwenyewe, kazi ya ukurasa mmoja.

Hatumdharau Padre Mersenne, kwa maana orodha yake ndiyo iliyowaamsha waliomsahihisha. Ila vigawanyo hivyo vilikawia miaka 259, na kuvihakikisha hakupiti saa moja. Twawasihi walimu wawape wanafunzi wao wakubwa kazi hiyo, wapate kulijua jibu kwa mikono yao wenyewe.